Mikrofaradi

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, saa nne asubuhi,
friza ya Bi Mwanakombo inaguna.
Inaguna tu, kama mtu aliyeambiwa aamke
akageuzia uso ukutani.
Sekunde sita. Tak. Kimya.
Dakika tatu, inaguna tena.

Ndani mna barafu za ukwaju mia mbili
zinazolia kwenye vifuko vyake,
na vibua wa jirani, waliowekwa kwa hisani,
na hisani yenyewe imeanza kunuka.

"Fundi ndiye wewe?" Ananitazama vidole.
Hina ya arusi ya dada yangu haijatoka.
"Ndiye mimi."
"Haya. Lakini isinilipukie."

Nachomoa plagi. Naivuta friza.
Nyuma yake: ushanga, mende mkavu, sarafu ya mia,
na kompresa, nyeusi, ya moto kama chungu cha uji.
Kapasita imevimba tumbo.

Mbelwa, aliyenifunza, alikuwa akisema
umeme ukikatika nyumba nzima husahau;
kapasita haisahau.
Alilijua hilo kwa kidole chake cha shahada
ambacho mpaka leo hakijui moto wala baridi.
"Hata kwenye tahiyatu nakiinua,
halafu nakitazama kama kimeinuka."

Basi hata iliyokufa, naifilisi kwanza:
waya mbili za balbu kwenye miguu yake.
Balbu ikafumbua jicho, ikafumba.

Pini tatu za kompresa, herufi zimefutika.
Naweka mita. Hii na hii, kumi na saba.
Hii na hii, kumi na mbili.
Hii na hii, tano.
Tano na kumi na mbili ni kumi na saba:
zile mbili zilizo mbali kabisa
ni ya kuwashia na ya kukimbizia,
na iliyobaki peke yake ndiyo ya wote.
Nairudia hesabu kwa sauti ya chini.
Bi Mwanakombo, akidhani nasoma dua,
anaitikia: "Amin."

"Nataka mpya, bibi. Ya mikrofaradi themanini."
"Faradhi?"
"Mikro-faradi."
"Kama ina faradhi, na sunna yake iko wapi?"

Nilicheka. Kisha nikanyamaza, maana amepatia.
Hii kubwa ndiyo faradhi: bila yake mota haisimami.
Na ile ndogo ya pembeni, ya kumi na tano,
ukiiacha, mota itakwenda,
lakini kwa joto na manung'uniko.

Laini, pini ya kukimbizia.
Kutoka hapo, kapasita; kutoka kapasita, rilei;
kutoka rilei, pini ya kuwashia.
Ndogo naipitisha njia yake, haina rilei.
Nyutro kwenye overlodi, overlodi kwenye ya wote.
Nakaza. Navuta kila waya kama navuta sikio la mtoto.

Bismillahi.

Guno moja fupi,
kisha mtetemo, kisha rilei: tak,
na friza ikaingia kwenye mwendo wake,
ushanga ukicheza sakafuni.

"Hicho kidubwasha cha elfu kumi na mbili,
sasa hivi kinafanya nini?"
"Hakifanyi kitu. Kimesukuma, kimetoka."
"Kimefanya kazi muda gani?"
"Kufumba na kufumbua."
Akafikiri. "Kama mume wangu wa kwanza," akasema,
akaenda kutafuta chenji.

Nikampigia Mbelwa, yuko Muheza, kwenye machungwa.
"Imewaka," nikamwambia.
"Umeifilisi kwanza?"
"Nimeifilisi."
"Haya." Akakata.

Bi Mwanakombo alinipa barafu iliyokuwa nusu maji.
Nikaishika kwa kidole kimoja na gumba,
kile kidole,
chenye hina, chenye grisi,
nikakisubiri.
Baridi ikaja.